Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi

Kila baada ya miaka mitatu, mwezi Januari, maofisa wa jeshi na wanadiplomasia kutoka nchi nyingi hukutana makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, na kujifungia siku kadhaa wakibishana juu ya bei ambazo Umoja huo utazilipa nchi kwa vifaa zinavyopeleka kulinda amani. Makombora na ndege za kivita hazimo. Wanabishana jenereta ilipiwe dola ngapi kwa mwezi, hema la askari lihesabiwe limechakaa baada ya miaka mingapi, na lori litakalopita njia za matope liongezewe asilimia ngapi. Kuna hata malipo ya kulipaka gari rangi nyeupe linapokwenda kwenye operesheni, na mengine ya kulirudishia rangi yake ya kijeshi linaporudi kwao. Wakishakubaliana, hesabu zote huingia kwenye kitabu kinene cha mwongozo wa vifaa, kitabu ambacho mtu wa nje ya kazi hiyo huenda asikisikie maisha yake yote.

Waandishi wa habari hawaonekani huko. Wanapoandika kuhusu ulinzi wa amani, wanaandika kuhusu ukumbi wa Baraza la Usalama na mikono iliyonyooshwa. Nadhani wanabisha hodi mlango usio wenyewe. Azimio la Baraza husema kitu gani kifanyike. Kitabu cha vifaa huamua nani atamudu kwenda kukifanya, na akifika huko atakuwa na nini mkononi.

Fikiria siku ya ukaguzi. Mkaguzi wa Umoja wa Mataifa anaingia kambini na orodha yake, anasimama mbele ya safu ya magari ya deraya, anamwambia dereva: washa. La kwanza linanguruma. La pili linakohoa na kuzima. La tatu betri imekufa, na betri mpya imekwama bandarini wiki ya sita sasa. Magari ya aina moja yanayofanya kazi yakishuka chini ya asilimia 90 ya idadi iliyoahidiwa, malipo ya nchi iliyoyaleta yanakatwa. Yakikatwa, wizara ya fedha ya nchi hiyo inaanza kuuliza maswali, na doria iliyokuwa ifike kijiji cha mbali inaishia njia panda. Aya ya azimio iliyoamuru raia walindwe "kwa njia zote zinazohitajika" haijabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni umbali ambao gari linaweza kwenda.

Ndiyo maana ninaposikia kwamba mataifa yanashirikiana kutunga sera ya ulinzi wa amani, huuliza kwanza: yapi, na katika chumba kipi? Maana vyumba ni vingi. Kuna wanaoandika, kuna wanaolipa, kuna wanaokwenda. Kuna pia mwenyeji, ambaye ulinzi wote unafanyika uani kwake na mara nyingi hukumbukwa mwisho. Makundi haya hayafanani, hayakai meza moja ila kwa nadra, na kila moja huona kazi ya mwenzake ni nyepesi. Mzigo wa mwenzio, walisema wahenga, ni kanda la usufi.

Mpango huu haukubuniwa na mtu makusudi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 hauna hata neno moja kuhusu walinda amani. Una Kifungu cha 43, kilichotaka nchi wanachama ziingie makubaliano na Baraza la Usalama na kuweka majeshi yao tayari kwa wito wake. Hakuna hata makubaliano moja ya aina hiyo yaliyosainiwa hadi leo. Vita baridi viliyaua yangali tumboni. Kilichokuja badala yake kilizaliwa kwa dharura. Mwaka 1948 walipelekwa waangalizi wasio na silaha Mashariki ya Kati, na mwaka 1956, kwenye mgogoro wa Suez, ndipo kikatokea kikosi chenyewe.

Suez inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu tabia zote za mfumo huu zilionekana pale pale, kama mtoto anavyozaliwa na sura ya babu. Israel, Uingereza na Ufaransa ziliivamia Misri. Uingereza na Ufaransa, zenye viti vya kudumu, zikapiga kura ya turufu kuzuia Baraza la Usalama. Basi suala likahamishiwa Baraza Kuu, ambako turufu haipo. Lester Pearson, waziri wa mambo ya nje wa Canada, akapendekeza kikosi cha kimataifa kiingie kati. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld na wasaidizi wake wakakiandikia kanuni ndani ya siku chache. Kiende kwa ridhaa ya mwenyeji. Kisiegemee upande. Kisitumie nguvu ila kujilinda. Na wakubwa watano wenye turufu wasitoe askari. Bereti za buluu zingechelewa, kwa hiyo kofia za jeshi la Marekani zilizokuwa Ulaya zikapuliziwa rangi, na askari wakaondoka nazo. Pearson alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka uliofuata.

Angalia kilichotokea. Chombo ambacho leo tunakihesabu ni mkono wa Baraza la Usalama kilianzia nje yake, kwa kulizunguka. Na tangu siku hiyo ya kwanza, wenye kauli kubwa zaidi na wenye kuvaa kofia walikuwa watu tofauti. Kwa mwaka 1956 hilo lilikuwa jambo la busara: nani angetaka askari wa Kisovieti au wa Marekani wakitazamana jangwani Sinai? Lakini kinga ya muda iligeuka desturi ya kudumu.

Bili ilipofika, ugomvi ukaanza. Operesheni ya Congo ya 1960 hadi 1964 ilikuwa kubwa na ya gharama, na Umoja wa Kisovieti na Ufaransa zikakataa kuchangia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwaka 1962 kwamba gharama hizo ni za Umoja wa Mataifa wenyewe, hivyo ni deni halali la wanachama. Wagomaji hawakutikisika. Kifungu cha 19 cha Mkataba kinasema mwenye malimbikizo ya miaka miwili hupoteza kura kwenye Baraza Kuu, na kwa kuogopa kulitekeleza hilo dhidi ya dola lenye silaha za nyuklia, kikao kilichoanza mwishoni mwa 1964 kiliendeshwa bila kupiga kura. Mabalozi walikubaliana kwa minong'ono yale ambayo yangekubalika bila mkono kunyooshwa. Ni kichekesho, lakini kichekesho hicho ndicho kilichozaa, mwaka 1965, Kamati Maalumu ya Operesheni za Ulinzi wa Amani, ambayo watu wa New York huiita C-34 kwa idadi ya wanachama iliyokuwa nao zamani. Leo ina zaidi ya 150, na jina halijabadilika.

Suluhisho la bili lilikuja polepole. Mwaka 1973, kikosi kipya kilipopelekwa Sinai baada ya vita vya Oktoba kati ya Israel na nchi za Kiarabu, nchi ziligawanywa makundi manne: wenye viti vya kudumu walipe zaidi ya kiwango chao cha kawaida, maskini wapunguziwe sana. Desemba 2000 makundi yakawa kumi. Wakubwa watano ndio hubeba pengo linaloachwa na punguzo la wengine, kwa hoja kwamba mwenye turufu ana dhamana ya pekee juu ya amani ya dunia. Kwa miaka ya 2025 hadi 2027 Marekani imepangiwa takribani asilimia 26 ya bajeti ya ulinzi wa amani, na China inakaribia 24. Mwaka 2001 China ilikuwa haifiki asilimia 3. Yeyote anayetaka kujua kwa nini wanadiplomasia wa China siku hizi huuliza maswali marefu kwenye Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, ile inayopitisha bajeti, jibu limo kwenye namba hizo mbili.

Marekani, kwa upande wake, ina sheria ya mwaka 1994 inayozuia isilipe zaidi ya asilimia 25. Bunge lake limeilegeza baadhi ya miaka, miaka mingine limeikaza. Tofauti kati ya kilichopangwa na kilicholipwa hujikusanya kama deni, na deni hilo halibaki kwenye makabrasha. Linamfikia mtu. Umoja wa Mataifa usipokuwa na fedha huchelewesha malipo ya nchi zilizotoa askari na vifaa, kwa hiyo nchi zinazochangia vikosi hujikuta zinawakopesha matajiri, bila riba na bila kuombwa. Malipo ya askari mmoja kwa mwezi yalikwama kwenye dola 1,028 kwa zaidi ya miaka kumi, hadi 2014 yalipopandishwa hadi 1,332, baada ya mvutano mkali kati ya watoaji askari na watoaji fedha. Mwaka 2022 yakafika 1,448. Fedha hizo huingia serikalini. Askari mwenyewe atapata kiasi ambacho serikali yake itaamua.

Sasa twende kwa wanaoandika. Kila nchi au mgogoro ulio mezani mwa Baraza la Usalama una mshika kalamu wake, yaani mjumbe anayeandaa rasimu ya azimio kabla wengine hawajaiona. Kwa miaka mingi Ufaransa imeshika kalamu ya Lebanon, ya Kongo na ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Marekani imeshika ya Sudan Kusini, Uingereza ya Somalia na Cyprus. Hakuna kifungu cha Mkataba kinachosema hivyo. Ni mazoea tu, na mazoea yana nguvu kuliko kanuni kwa sababu hayana mahali pa kukatiwa rufaa. Aliyeshika kalamu huamua sentensi ya kwanza, na wengine wote wanabaki kuirekebisha. Aliyewahi kukaa kwenye kamati yoyote, hata ya harusi, anajua uzito wa kuwa na rasimu mfukoni wakati wenzako wamekuja mikono mitupu.

Wanaokwenda ni wengine kabisa. Kwa miaka ya karibuni orodha ya wachangiaji wakubwa wa askari imeongozwa na Nepal, Rwanda, Bangladesh na India, kwa kupokezana. Hakuna hata mmoja mwenye kiti cha kudumu. Kifungu cha 44 cha Mkataba kilitabiri tatizo hili kwa namna yake: kinataka nchi inayotakiwa kutoa majeshi ialikwe kushiriki kwenye uamuzi wa jinsi ya kuyatumia. Mwaka 2001 Baraza lilipitisha Azimio 1353 kuahidi mashauriano ya kweli na nchi zinazotoa askari. Mashauriano yapo. Kinacholalamikiwa mwaka hadi mwaka ni kwamba yanafanyika rasimu ikiwa imeshaiva, na mgeni anakaribishwa kuonja chumvi wakati sufuria imeshaepuliwa.

Matokeo ya kuwatenganisha waandishi na waendaji yaliandikwa kwa damu miaka ya tisini. Rwanda, Aprili 1994, Jenerali Roméo Dallaire wa Canada, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, alikuwa na askari wapatao 2,500 wenye silaha hafifu. Ubelgiji, baada ya askari wake 10 kuuawa, ikaondoa kikosi chake, kilichokuwa imara kuliko vyote. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza likapitisha Azimio 912 na kupunguza kikosi hadi askari 270. Serikali iliyokuwa nyuma ya mauaji ilikuwa na kiti ndani ya Baraza hilo hilo, kwa zamu yake ya uanachama usio wa kudumu, ikisikia kila neno. Waghana ndio waliobaki Kigali kwa wingi pamoja na Dallaire, idadi yao ikiwa ndogo mno kuzuia lolote kubwa, ingawa waliokoa waliowafikia.

Bosnia ilikuwa kosa la aina nyingine. Mwaka 1993 Baraza lilitangaza miji kadhaa, Srebrenica ikiwemo, kuwa maeneo salama. Wapangaji wa kijeshi wakasema ili maneno hayo yawe kweli wanahitaji askari wa nyongeza wapatao 34,000. Nchi wanachama zikakubali 7,600, na hata hao wakafika kwa kusuasua. Julai 1995 Srebrenica ikaanguka mbele ya kikosi kidogo cha Uholanzi, na wanaume na wavulana wa Kiislamu wapatao 8,000 wakauawa. Neno "salama" lilipitishwa bila mtu kuuliza litabebwa na nani.

Ripoti ya jopo la Lakhdar Brahimi wa Algeria, iliyotoka Agosti 2000, ilijaribu kuziba ufa huo kwa pendekezo ambalo hadi leo naliona ndilo la maana kupita yote yaliyowahi kuandikwa juu ya jambo hili: azimio la kuanzisha operesheni kubwa libaki rasimu mpaka Katibu Mkuu apate ahadi za uhakika za askari na vifaa. Yaani usitangaze ndoa kabla hujapata mchumba. Baraza liliipongeza ripoti, likatekeleza mengi yaliyomo, na hilo likaliweka kando. Mwaka 2015 jopo lingine, likiongozwa na José Ramos-Horta wa Timor ya Mashariki, likarudia wazo karibu na hilo, kwamba azimio lije kwa hatua mbili. Likapokelewa kwa heshima ile ile. Sababu ni rahisi: kutangaza operesheni ni kitendo cha kisiasa chenye faida yake leo jioni, na mwanadiplomasia aliyepewa maagizo ya kuonyesha kwamba nchi yake inafanya kitu hawezi kusubiri mahema.

Ufa huo unapofika uwanjani unachukua sura ya simu. Kikosi kiko chini ya kamanda wa Umoja wa Mataifa, lakini kamanda wa kikosi cha taifa ana mkubwa mwingine nyumbani, na agizo la hatari likija humpigia huyo kwanza. Wachunguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2014 kwamba katika matukio 507 ya mashambulizi dhidi ya raia yaliyoripotiwa kati ya 2010 na 2013, operesheni zilichukua hatua za papo hapo katika 101 tu. Moja kati ya matano. Ni rahisi kuwaita askari hao waoga, na wapo wanaosema hivyo wakiwa mbali sana na risasi. Mimi naona hesabu ya kibinadamu: unapoambiwa ufie sentensi ambayo nchi yako haikuulizwa, utapiga simu.

Kinachonipa imani kwamba hali inaweza kuwa tofauti ni Kanuni za Kigali za Mei 2015, zilizotokana na mkutano ulioitwa Rwanda. Ni ahadi 18 kuhusu kulinda raia, na mojawapo ni kwamba nchi itampa kamanda wake ruhusa mapema ya kutumia nguvu bila kuuliza nyumbani. Ziliungwa mkono kwanza na baadhi ya nchi zinazotoa askari, kisha na nyingine. Hazimfungi mtu kisheria. Lakini zilikuja kutoka kwa wabebaji wa mzigo, kutoka mji unaojua gharama ya simu iliyochelewa, na ndiyo maana zina uzito ambao aya nyingi za New York hazina.

Mfano wa pili wa waendaji kushika kalamu ni brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki mwa Kongo. Wazo lilitoka kwa majirani, kwenye vikao vya nchi za Maziwa Makuu na za kusini mwa Afrika, mwaka 2012, ambao mwezi Novemba kundi la waasi la M23 liliuteka mji wa Goma. Baraza likaliidhinisha kwa Azimio 2098 la Machi 2013, na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa vikosi. Kwa mara ya kwanza operesheni ya ulinzi wa amani ikapewa waziwazi jukumu la kuyashambulia makundi yenye silaha. Novemba mwaka huo M23 ikasalimu, baada ya mapigano ya jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi hiyo. Zile nchi tatu hazikuwa zikipiga simu kuuliza kama zipigane. Zilikwenda kwa sababu zilitaka kwenda.

Ila hadithi hiyo ina mkia. Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilivamiwa na askari wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa. Mwishoni mwa 2021 M23 ikaibuka upya, na Januari 2025 ikaiteka tena Goma. Ushirikiano wa kanda ulitoa bunduki. Haukutoa mapatano kati ya serikali zinazohasimiana, na bunduki haiwezi kuyatoa. Kanda yenyewe ina wahusika wa vita ndani yake. Anayedhani kuikabidhi Afrika kalamu yote kutamaliza ugomvi wa nani anaandika, na aangalie ramani ya Kivu, huko mashariki mwa Kongo, na ajiulize wajumbe wangekaaje mezani.

Kuhusu C-34 sitasema mengi. Hukutana kila mwaka na kupitisha ripoti kwa makubaliano ya wote, maana yake mjumbe mmoja aweza kuwakesha wenzake 150 kwa kivumishi. Imewahi kumaliza kikao bila ripoti. Hata hivyo siidharau, kwa sababu ndipo mahali ambapo mtoa askari mdogo na mlipaji mkubwa husomana kwa karibu. Angalia suala la ujasusi. Kwa miongo mingi neno lenyewe lilikuwa mwiko kwenye Umoja wa Mataifa. Nchi nyingi zilihofia kwamba ndege zisizo na rubani na wachambuzi wa taarifa vitageuka macho ya wakubwa ndani ya nchi za wenzao. Ndege hizo zilipoanza kuruka juu ya Goma Desemba 2013, ilibidi kusisitizwa sana kwamba hazina silaha. Mwaka 2017 hatimaye ikapatikana sera, na baadaye maneno mawili ya Kiingereza, la ulinzi wa amani na la ujasusi, yakaunganishwa kwa kistari ili ieleweke kuwa huu ni wa namna ya pekee. Kistari kimoja, miaka ya mazungumzo nyuma yake. Wanaocheka hawajawahi kukaa kambini wakingoja shambulio ambalo kila muuza karanga sokoni alishalisikia.

Mikutano ya mawaziri imeongezeka pia, tangu mkutano wa viongozi ulioitishwa na Rais Obama mwaka 2015: London, Vancouver, Seoul, Accra mwaka 2023, Berlin Mei 2025. Huko nchi huahidi helikopta, wahandisi, hospitali za kambini. Ahadi nyingine hutimia.

Mwenyeji naye ameshajifunza nguvu zake. Nasser, rais wa Misri, aliufundisha ulimwengu mwaka 1967 alipokiambia kikosi cha Sinai kiondoke, na Katibu Mkuu U Thant akakiondoa, wiki chache kabla ya vita na Israel. Mali ilifanya hivyo Juni 2023, waziri wake wa mambo ya nje akitaka operesheni iondoke bila kuchelewa. Kufikia Desemba 31 shughuli zilikuwa zimefungwa. Miaka kumi ya maazimio ikasombwa kwa hotuba moja. Baraza lilikuwa limezoea kuongezea muda operesheni kila Juni kana kwamba ridhaa ya mwenyeji ni saini iliyokwisha kuwekwa mara moja na kwa wote, kumbe ni kitu cha kutunzwa kila siku.

Yote haya yananirudisha kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo sera mpya inapotungwa hivi sasa, nayo inatungwa kimyakimya. Desemba 2023 Baraza lilipitisha Azimio 2719: operesheni zinazoongozwa na Umoja wa Afrika zinaweza kugharimiwa hadi asilimia 75 kwa michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa, kila moja ikiamuliwa peke yake. Ulikuwa ushindi wa miaka mingi wa wajumbe wa Afrika kwenye Baraza, wanaoitwa A3. Somalia ilitarajiwa kuwa ya kwanza. Ilipofika zamu yake mwishoni mwa 2024, Marekani ikajizuia kupiga kura ikisema mpango huo haufai Somalia, na operesheni mpya ya Umoja wa Afrika ikaanza Januari 2025 bila mfuko wa uhakika. Haki iliyoandikwa ipo. Pochi haijafunguka.

Haiti ilifuata njia nyingine. Oktoba 2023 Baraza liliidhinisha ujumbe wa kusaidia polisi, Kenya ikiuongoza, lakini haukuwa wa Umoja wa Mataifa. Ulitegemea mfuko wa hiari, wa kila mtu atoe atakacho. Ulipangwa kuwa na watu 2,500 na haukukaribia hata nusu kwa uhakika. Septemba 30, 2025 Baraza likaamua kuugeuza kuwa kikosi cha kupambana na magenge chenye watu hadi 5,550, safari hii kukiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kukihudumia. Watu wengi waliisoma habari hiyo kama habari ya askari zaidi. Kwangu habari ilikuwa ile ofisi: chakula, mafuta na usafiri vimetoka kwenye kapu la hiari vikaingia kwenye kapu la lazima. Mataifa yalikiri, bila kusema, kwamba sadaka haiendeshi operesheni.

Na hata kapu la lazima limetoboka. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kwa ukosefu wa fedha utapunguza karibu robo ya askari na polisi wake katika operesheni 9 kati ya 11. Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo. Baraza la Usalama halikukaa kuamua kwamba sasa raia wa Sudan Kusini walindwe kwa robo tatu. Maazimio yalibaki kama yalivyokuwa, yakiwa na orodha zile zile ndefu za majukumu. Mkataba wa Mustakabali uliopitishwa Septemba 2024 ulimtaka Katibu Mkuu apitie upya aina zote za operesheni za amani, na mapitio hayo yatasomwa na kujadiliwa kwa adabu. Lakini maamuzi yenyewe yameshaanza kufanyika mahali pengine. Yanafanywa na ofisa mmoja mbele ya ramani ya eneo lake, ana kambi kumi na watu wa kutosha kambi saba, na lazima kabla ya jioni achague ni barabara zipi tatu ambazo gari jeupe halitapita tena.